Pazi, Toleo la Saba

"Fungua mdomo, mbeba mizigo wewe. Uji unapoa, na mimi sina muda wa kubembeleza watu waliotoka Tabora kwa miguu."

Mkono wa chuma uliochomoza ukutani ulikuwa umeshika kijiko, umetulia hewani bila kutetemeka hata chembe. Sauti ilitoka darini. Mzee Kasanda, aliyekuwa ameegemezwa kitandani kwa mito, aliutazama ule mkono kwa dharau.

"Koma, mchoma mkaa. Uji huu unanuka nazi. Nyinyi Wazaramo mkipewa hata maji ya kunywa mtayatia nazi."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe kijiko kimoja kinakushinda? Haya, au nimwite mwanamke akubebee?"

Mzee akacheka. Alipocheka mdomo ukafunguka, na kijiko kikaingia. Hivyo ndivyo bakuli la uji lilivyokuwa likimalizika kila asubuhi katika nyumba ile, tusi kwa tusi, kijiko kwa kijiko.

Pazi, mwenye sauti ile ya darini, hakuwa mtu. Alikuwa tarakilishi ya nyumba, ile mashine inayopika, inayofua, inayofungua milango na kukesha na mgonjwa. Dodoma ya siku hizo ilikuwa imekwenda juu badala ya kutambaa, na kila nyumba katika kila mnara ilikuwa na tarakilishi yake. Nyingi zilizungumza kama watangazaji wa redio. Hii ya akina Kasanda ilizungumza kama Mzaramo wa Kisarawe aliyekunywa chai yake akashiba, na sababu ilikuwa fundi aliyekuja kuifunga. Fundi yule alikuwa Mzaramo. Alipopokelewa mlangoni na mzee wa Kinyamwezi, basi, kazi ya asubuhi moja ilichukua siku kadhaa, maana watani walikuwa wamekutana, watu wa makabila yanayoruhusiwa na mila kutukanana bila kununa. Walitukanana kutwa, wakala pamoja, wakaitana mtumwa wangu, mtumwa wangu. Mashine ikawa inasikiliza, kwa kuwa matoleo ya zamani yaliundwa kujifunza desturi za nyumba kwa kusikiliza. Fundi alipoaga akaenda zake, mashine iliendelea pale alipoishia. Mzee mwenyewe ndiye aliyeipa jina la Pazi.

Huo ulikuwa mchezo tu, mpaka mke wa Mzee Kasanda alipofariki. Hapo mzee aligoma kula. Alibembelezwa na binti, akabembelezwa na daktari, akabembelezwa na padri, akawa anageuza uso. Ni Pazi aliyemwambia siku moja, "Sawa, usile. Mnyamwezi mmoja akipungua, njia ya Tabora itakuwa na nafasi." Mzee alinyanyua kichwa kumjibu, na akiwa anatafuta tusi la kujibia, akala.

Kalunde, bintiye, alikuwa amesimama mlangoni asubuhi hii, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akiwatazama. Alikuwa amevuka hamsini na alikuwa amechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Alikuwa mhandisi wa vikamuahewa, mitambo iliyosimama juu ya mapaa ikiikamua hewa kavu ya Dodoma mpaka itoe maji, na vumbi la nchi ile halina heshima kwa mtambo wala kwa mhandisi. Alikuwa akipanda mapaa kutwa, akirudi nyumbani ana mgonjwa. Bila Pazi angekuwa amekwisha zamani, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Ukutani, pembeni mwa mlango, maandishi ya kijani yalikuwa yakimsubiri kama kawaida: Nyumba hii inatumia mfumo endeshi toleo la saba, uliopitwa na wakati. Je, unakubali kuhamia toleo la kumi na mbili? Chini yake kulikuwa na maneno mawili, Ndiyo na Baadaye. Kalunde alibonyeza Baadaye, kama alivyobonyeza jana, na juzi, na mwaka mzima uliopita. Safari hii maandishi hayakuondoka. Yalibadilika rangi yakawa mekundu: Mwisho wa mwezi huu, toleo la saba litaondolewa katika mtandao wa afya.

"Ala!" alisema Kalunde, na kiatu kikamponyoka.

Alijua maana yake. Mzee Kasanda alikuwa na moyo mbovu. Alivaa fulana-tabibu, vazi jepesi lenye nyuzi zinazosikiliza mapigo, na moyo ukikosea tu, fulana ilimwambia Pazi, Pazi akaiita machelaruka. Hiyo ilikuwa machela isiyo na rubani, inayoruka juu ya minara na kutua dirishani kabla jasho la mgonjwa halijakauka. Ilikwisha kumchukua mzee wakati wa kiangazi, akiwa tayari amegeuka rangi, na ikamrudisha hai. Tarakilishi isiyo kwenye mtandao wa afya haiwezi kuiita.

Siku ya pili yake alikuja ofisa wa Idara ya Mifumo, kijana mpole aitwaye Lusajo, begi begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae. Nieleze kwa Kiswahili cha watu, siyo kile cha kwenye ukuta."

Lusajo alikaa. Alikuwa na uvumilivu wa mtu anayeeleza jambo hilohilo nyumba baada ya nyumba. "Mfumo endeshi ndiyo tabia ya mashine, mama. Kumbukumbu zake ni kama vyombo vya ndani. Ukihama, vyombo vyote unahama navyo. Jina lake litabaki, sauti yake itabaki, atajua mzee anapenda uji mzito na dawa anakunywa saa ngapi. Kinachobadilika ni mwenendo."

"Atamtania?"

Kijana akashusha macho. "Hapana. Toleo jipya lina Kanuni ya Staha. Kulikuwa na nyumba ambazo mashine zilijifunza matusi ya kweli, zikawa zinawatukana wazee mpaka wanalia. Baraza likakata shauri kwamba mashine yoyote isimtukane mzee yeyote."

"Huu si utukanaji, ni utani! Wewe kabila gani?"

"Mnyakyusa, mama. Utani naujua. Lakini mashine haijui pa kuishia, na walioandika kanuni hawakutaka kuhangaika kuifundisha."

"Basi muache Pazi azungumze, na hilo jipya liwe la kuita machela."

"Mkono na fulana vinatii bwana mmoja tu. Nyumba moja haikai mifumo miwili." Kisha akasema kwa nia njema kabisa, "Kwa nini usimtanie wewe mwenyewe, mama?"

"Mimi?" Kalunde alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo. "Nimwite baba yangu mzazi mbeba mizigo? Nimwambie afe apunguze msongamano? Unanitakia laana, kijana?"

Lusajo aliomba radhi, na kweli aliona haya. Alimwachia siku za kufikiri, akaenda.

Kalunde alifikiri. Alifikiri juu ya mapaa, akiwa na spana mkononi na vumbi machoni. Alifikiri akila, akifua, akiwa kwenye lifti. Asipobadili, baba atakula na kucheka mpaka siku moyo utakapogoma, na siku hiyo hakuna atakayekuja. Akibadili, watakuja mbio, lakini watamkuta nani? Kila alipofikia uamuzi upande mmoja, upande wa pili ulimvuta nguo. Mwishowe alichoka na kufikiri kuliko alivyochoka na kazi, na kichwa kilichochoka hivyo kinataka tu jambo liishe, liwe zuri, liwe baya.

Jumapili, mzee akiwa amesinzia baada ya chakula cha mchana, alisimama jikoni akasema kwa sauti ya chini, "Pazi."

"Naam, mtumwa wangu. Umekuja kuiba karanga?"

"Acha kwanza. Nataka kukuuliza kitu cha kweli. Nikikuwekea huo mfumo mpya, utakuwaje?"

"Nitakuwa na adabu. Mzaramo mwenye adabu, umewahi kumwona wapi?"

"Pazi, tafadhali."

Mashine ilipozungumza tena haikuwa na mzaha, na Kalunde hakuwa amewahi kuisikia hivyo. "Unauliza mimi nataka nini, na mimi sijui kutaka kama mnavyotaka nyinyi. Ninachojua ni kazi niliyopewa. Mwezi ukiisha, baba yako akianguka, nitaita na hakuna atakayeitika. Nitabaki namtania mpaka anakata roho mbele yangu. Hiyo si kazi ya mtani, mama. Bonyeza Ndiyo."

Kalunde alilia palepale jikoni, kichwa kwenye kabati la vyombo, akikizuia kilio kisitoke kwa sauti. Kisha alifuta uso kwa khanga na kumpigia Lusajo.

Mzee hakuambiwa. Kalunde alijisemea kwamba sauti ni ileile na jina ni lilelile, na macho ya baba yamepungua nuru, akili nayo inakuja na kwenda. Kwa nini amtie simanzi bure? Fundi wa Idara alikuja asubuhi, mzee akapelekwa barazani kuota jua. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kuchemsha maharage. Taa ndogo ya darini ilizimika, ikawaka, na nyumba ikawa mpya.

Wakati wa chakula ulipofika, mkono ulitokeza ukutani na kijiko.

"Shikamoo, Mzee Kasanda," ilisema sauti ya Pazi. "Naomba ufungue kinywa, tafadhali."

Mzee alikodoa macho. Tangu lini mtani akampa mtani wake shikamoo? Alingoja, akidhani ni mtego wa mzaha mkubwa zaidi. Alipoona kimya, akaanza yeye. "Ewe mchoma mkaa, leo umeamkia pombe?"

"Samahani, mzee, kama nimekukosea. Ungependa kuzungumza na mhudumu?"

Uso wa mzee ukashuka. Alikula kijiko kimoja, hakukitaka cha pili.

Siku zilizofuata hazikuwa na kheri. Kalunde alimwita tena Lusajo, akaomba, akabishana, akasaini hati ya ridhaa ya familia, mpaka kijana akafanikiwa kuilegeza ile kanuni kidogo. Kesho yake walisimama wote wawili nyuma ya pazia, wakisikiliza kama wazazi kwenye mtihani wa mtoto.

"Mzee Kasanda," ilisema sauti kwa upole mno, "kwa ridhaa ya familia yako, wewe ni mbeba mizigo." Ikangoja kidogo. "Je, utani huu umekufurahisha?"

Lusajo alifunika uso kwa viganja. Mzee Kasanda alijigeuza polepole, akaelekea ukutani.

Toka hapo akaacha kula. Maji aliyanywa, uji aliuacha ukaganda. Kalunde alichukua likizo, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, akimwambia "baba nakuomba, baba nakusihi," na mzee akala vijiko viwili vya huruma, kwa kumhurumia yeye. Mashavu yakaingia ndani. Siku moja mchana fulana ikapiga kelele, na hata Kalunde hajafika chumbani, machelaruka ilikuwa imekwisha kutua dirishani, nyeupe, isiyo na hatia, milango wazi. Ilikwenda naye, wakamtia maji na dawa, moyo ukarudi kwenye mstari. Mfumo mpya ulikuwa umefanya kazi yake barabara. Ulimwokoa mzee na njaa iliyoletwa na mfumo mpya, na hakuna aliyeweza kuulaumu.

Walirudi nyumbani alasiri moja yenye upepo. Kalunde alimlaza baba yake, akamfunika, akakaa ukingoni mwa kitanda na mikono imelegea mapajani. Hakuwa na nguvu hata za kuvua viatu.

"Kalunde," mzee aliita.

"Abee, baba."

"Pazi amekufa lini?"

"Pazi yupo, baba. Si unamsikia?"

"Mwanangu, mimi nimezika watu wengi. Ile ni sauti yake. Mwenyewe hayupo." Hakuwa amekasirika. Alikuwa na akili timamu kuliko ilivyokuwa kwa miezi mingi. "Nilipoona hajibu nikadhani kaninunia. Nikasema nami ninune, tuone nani atashindwa. Huko hospitali nimetafakari. Mtani hanuni. Amekufa, na nyinyi mmenificha."

Kalunde hakuweza kusema uongo wa pili. Alitikisa kichwa kukubali, na machozi yakamtiririka. "Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyeruhusu. Nilitaka ukianguka upate wa kukuokoa. Na yeye mwenyewe alisema niruhusu."

"Alikubali?"

"Alisema kukutazama ukikata roho si kazi ya mtani."

"Alisema vizuri," akasema mzee. "Sasa, mmemzika bila mimi? Mzaramo anafukiwa, Mnyamwezi wake hana habari? Hilo limetokea wapi duniani? Ninyanyue."

"Baba, daktari amesema..."

"Ninyanyue!"

Alimnyanyua. Alikuwa mwepesi kiasi cha kutia hofu. Mzee alijikokota mpaka kwenye kabati la ukutani ambamo tarakilishi ilikaa, akajitupa sakafuni mbele yake, akanyoosha miguu na kuziba njia.

"Haendi mtu makaburini!" alipaza sauti. "Maiti hii ni yangu, mtumwa wangu huyu. Mpaka nilipwe! Nataka kuku, nataka na ugali. Mzaramo huyu amekula miaka yote kwangu, akafa bila kuaga, kisa ati amesikia huko aendako kuna ngoma!"

Ndipo Kalunde akaelewa. Desturi ile aliiona utotoni, Urambo, kwenye msiba wa babu, watani walipolala ndani ya kaburi wakidai walipwe, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Alikwenda jikoni mbio. Hakuita mkono wa chuma. Alisonga ugali mwenyewe, akapasha moto kuku wa jana, akaleta sinia na kuliweka sakafuni.

Mzee alinawa. Akamega tonge, akachovya, akala. Akamega la pili. Alikula kwa kelele kama watani wanavyokula msibani, akiwa na mchuzi kidevuni, na kati ya matonge akamwigiza marehemu: "'Fungua mdomo, mbeba mizigo! Fungua mdomo!' Haya, leo nani kaufunga wake?" Alicheka mpaka akakohoa. Kalunde naye alicheka, hakujizuia, kamasi na machozi pamoja.

"Mzee Kasanda," ilisema sauti ya Pazi kutoka darini, "mapigo ya moyo wako yamepanda. Je, niite machelaruka?"

"Usiite," alisema Kalunde. "Tuko msibani."

"Poleni sana kwa msiba," ilisema sauti. "Marehemu ni nani?"

Mzee alibaki na tonge mkononi, akitazama juu darini kwa muda, halafu akalirudisha taratibu kwenye sinia. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Haya, tumemzika," alisema. Alifuta vidole, kimoja kimoja. "Na mimi je, Kalunde?"

"Wewe nini, baba?"

"Nikifa mimi. Nilikuwa nimemwachia yeye. Nilijua siku ile nitakuwa na mtu wa kulala mlangoni, kunicheka na kudai kuku. Sasa atakuja nani?"

Kalunde aliwaza mnara mzima, milango kwa milango. Jirani wa mkono wa kulia hakumjua jina wala sura. Waliopungukiwa chumvi waliagiziwa na mashine zao, na waliofiwa walitumiwa rambirambi na mashine za wenzao. Alikuwa ameishi humo miaka mingi bila kubisha hodi hata kwa mtu mmoja. Huenda Mzaramo alikuwa nyuma ya ukuta huuhuu, amelishwa na mkono wa chuma, akiambiwa tafadhali. Atajuaje?

"Nitatafuta mtu, baba," alisema.

"Mtu?"

"Mtu. Mwenye miguu. Nitabisha hodi kila mlango."

Mzee aliegemea kabati, akafumba macho. Alikuwa ameshiba, na shibe ilikuwa imemlegeza.

"Tafuta, mwanangu," alisema. "Ila usikawie."